Mguu wa Kulia

Nyamitanga, Mbarara
18 Februari 2024

Shangazi Perpétue,

Pokea salamu kutoka ng'ambo hii ya mto Rwizi, ambako mvua imegoma na vumbi linaingia hata ndani ya chai. Mimi ni mzima. Sowedi dereva, atakayekuletea barua hii, atakuambia nimekonda, usimsikilize. Yeye mtu asiyekula matoke mara mbili kwa siku humwona mgonjwa. Mwambie dada yangu Gisèle kwamba kalamu aliyoniomba imo ndani ya kifurushi. Akiipoteza asiniandikie kunieleza, maana hata hivyo hataweza.

Sasa nije kwenye mguu wako. Sowedi ameniambia kwamba plasta imetolewa na mfupa umeunga, lakini unyayo unaning'inia: ukiinua mguu, vidole vinabaki chini vinakwangua udongo. Nimesikitika, shangazi. Nilidhani plasta ikitoka na shida itatoka nayo. Nilimweleza Mzee Akram, bwana wa karakana yetu, naye hakushangaa hata kidogo. Aligonga mguu wake chini ya goti akasema: "Hapa iko mshipa moja inainua unyayo. Pikipiki ilivunja mfupa, mfupa ikafinya mshipa. Saa hii iko nalala tu, haijakufa. Itaamka, lakini mpola mpola, polepole."

Hatari ni moja. Unyayo ukining'inia muda mrefu, kisigino kinakaza na mguu unazoea kuinama, na hapo hata mshipa ukiamka hautakuwa na la kufanya. Ndiyo maana unahitaji bresi. Wewe utaiita atele, kwa Kifaransa cha nyumbani: ni ile plastiki ngumu inayopita nyuma ya shavu la mguu, inaingia kiatuni chini ya unyayo na kuuzuia usianguke.

Na hapa ndipo penye habari yangu. Tangu nianze kujifunza nimekuwa nikikoroga plasta na kufagia unga wake. Juzi Mzee Akram aliniita: "Tengenezea shangazi yako. Wewe peke yako. Ikikaa vizuri, unaingia kwa meza. Ikirudi na makosa, unarudi kwa fagio." Meza ni ya mafundi wenyewe, shangazi. Sijawahi hata kuegemea pale.

Kwa kawaida mgonjwa huja hapa tukamzungushia plasta mguuni, lakini kwa barabara ile sitaki urushwe-rushwe garini. Wewe ni fundi cherehani. Nani atakupima vizuri kuliko wewe? Pima mguu, kata umbo lake kwenye karatasi, mpe Sowedi. Simu yako ilikufa siku ile ile ya pikipiki, na kwa simu ya Sowedi tunasikilizana nusu nusu. Kwa hiyo andika.

Mwanao anayefagia kwa matumaini,
Parfait


Nakivale, Base Camp
3 Machi 2024

Parfait mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua imefika, kalamu imefika, na kalamu imeshapotea. Gisèle anaandika kazi za shule kwa penseli yangu ya kuchorea vitambaa. Wengine wote wazima. Mbuzi wa jirani alikula kola ya shati la mteja, tukagombana, tukapatana, na mteja ameamua kwamba shati lisilo na kola ni mtindo.

Gakwaya mfugaji anakusalimu. Unakumbuka anavyoburuta mguu tangu ile ajali ya lori. Sasa tuko wawili. Jumapili iliyopita tulitoka kanisani pamoja, yeye anaburuta upande wake na mimi upande wangu, na Gisèle nyuma yetu akasema kwa sauti: "Muendelee tu vile, hii njia haitaomba tena fagio!" Mtoto hana adabu, lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mfupa hauniumizi tena kama mwanzo. Kinachoniumiza ni cherehani. Unajua linavyotaka miguu miwili: huu unasukuma kwa kisigino, ule kwa vidole, ikisikilizana gurudumu linakwenda mbele. Sasa mguu mmoja unafanya kazi na mwingine umelala juu ya kanyagio kama mgeni. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, na mimi nasema maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nimeshona tangu Uvira. Nilishona chini ya hema wiki tuliyofika hapa kambini, wewe ukiwa mtoto unaniokotea sindano. Nisiposhona sijui mimi ni nani. Nataka mguu wangu urudi kwenye kanyagio, hilo tu ndilo ninaloomba.

Swaleha, binti wa Mbarara anayefundisha mazoezi kituo cha afya, hanipi raha. Amenipa kipande cha kitenge nikizungushe chini ya vidole na kuvuta kuelekea kifuani, naye anasimama mikono kiunoni: "Inua vidole, nyabo! Inua!" Nikamjibu: "Mwana wangu, bidole nabiinua mu roho, lakini mu mguu habisikiye." Anasema nisichoke kuviita, siku moja vitaitika.

Karatasi ndiyo hii, ya mfuko wa saruji, ngumu na safi. Nimejipima kuliko bibi harusi. Nimekata kama ninavyokata mkono wa shati, bila kuandika chochote juu yake, maana fundi anayeandika juu ya karatasi hajiamini.

Fanya kazi nzuri, uingie mezani. Nimeshawatangazia watu.

Shangazi yako,
Perpétue


Nyamitanga
17 Machi 2024

Shangazi wa sifa zote,

Hapa ni Ramadhani. Mzee Akram amefunga, kwa hiyo kabla ya magharibi tunazungumza naye kwa adabu sana na kwa ufupi. Sowedi naye amefunga na anaendesha gari bila kupiga honi, jambo ambalo Mbarara nzima imeliona. Mimi ni mzima, na ninakuandikia nikiwa na plasta mpaka kwenye nyusi.

Karatasi yako ilipofika mafundi wote walikuja kuitazama. Niliiweka mezani nikaigeuza huku, nikaigeuza huku, ikawa nzuri pande zote mbili, nisijue ni mguu upi! Ndipo nikampigia Sowedi akiwa sokoni kwenu akakupa simu. Nashukuru ulinijibu haraka, maana upepo ulikuwa unakula maneno. Nilikuuliza, "Ni mguu wa kulia?" na wewe ukapiga kelele, "Ndiyo baba, ni wa kulia kabisa! Unalia busiku na muchana!" Nilicheka peke yangu mbele ya watu. Hata kwenye maumivu hukosi utani, shangazi.

Basi nikaanza. Nilichonga plasta mpaka ikawa mguu wako. Nikapasha plastiki kwenye oveni mpaka ikalegea kama unga wa chapati uliokandwa, nikaivika juu ya plasta, nikaibana, nikakata kingo na kuzisugua. Kila nilipomaliza ukingo niliupitisha shavuni mwangu, na palipokwaruza nikasugua tena. Mikanda nimeiweka ya kubandika na kubandua, uweze kuifunga ukiwa umekaa.

Mzee Akram aliikagua baada ya futari, tumbo likiwa limetulia. Aliipapasa ndani na nje akasema: "Iko safi. Lakini bresi haisifiwi kwa meza, inasifiwa kwa mguu. Ngoja mama aseme."

Kwa hiyo tunangoja useme. Niandikie inakaaje, inatembeaje. Wasalimie wote uliowatangazia.

Parfait, aliye karibu kabisa na meza


Nakivale
7 Aprili 2024

Parfait mwanangu,

Pasaka imepita salama na makoo yetu yamekauka kwa nyimbo. Swaleha amefunga kama Sowedi, lakini sauti yake haijafunga. Mvua imeanza, maharage yameota, na yule mbuzi ameuzwa.

Kifaa chako kimefika. Mwanangu, ni kizuri. Nilipitisha kidole kwenye kingo zote, sikuona mahali panapokwaruza. Nilikiweka juu ya meza ya kukatia nguo, watu wakaja kukitazama, nami nikawaambia: "Ni mwana wangu alitengeneza hii, na mikono yake mwenyewe." Jirani yangu Jocelyne aliuliza kama umeoa. Nimemwambia bado.

Umetaka kujua kinakaaje. Kinakaa vizuri mno. Kilivaliwa siku ile ile. Kinatembea mpaka sokoni na kurudi, na kila mtu ameona tofauti. Mwambie Mzee Akram kwamba mguu umekisifu, na kwamba hapa kuna mtu anamwombea heri kila asubuhi. Nadhani hayo yanatosha kukuingiza mezani.

Gakwaya siku hizi anatuletea maziwa, bado yana joto la ng'ombe. Ana furaha sana.

Ubaki na amani,
Shangazi Perpétue

Kaka, mimi Gisèle. Naongeza hapa wakati tantine Perpétue anatafuta bahasha. Siku ya Pasaka alifunga lastiki ya suruali kutoka kwenye sandali mpaka gotini ili vidole visianguke. Wakati wa kupeleka matoleo ilikatika, sandali ikaruka mpaka miguuni kwa padri. Padri aliibariki. Mengine amenikataza kuandika.


Nyamitanga
28 Aprili 2024

Shangazi,

Nimeingia mezani! Nilimsomea Mzee Akram barua yako, akanyoosha mikono juu kushukuru, kisha akanionyesha sehemu yangu, pembeni karibu na dirisha. Sasa ninatengeneza bresi ya mtoto wa Kakiika ambaye anauma kila anayemgusa. Nina alama za meno, nina furaha.

Niliposhiba furaha niliisoma tena barua yako, na sasa nina maswali. Mtu mwenye bresi anafanya nini na lastiki ya suruali? Na jambo jingine. Umeandika kifaa kinakaa, kifaa kinatembea, kifaa kimevaliwa. Hujaandika mahali popote "ninatembea". Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba nguo ikisifiwa sana kwa nje niigeuze nitazame ndani.

Kwa hiyo naigeuza. Vidole vimeinuka? Umerudi kwenye kanyagio? Nijibu mambo hayo tu, usinipe habari za mbuzi.

Nakupenda,
Parfait


Nakivale
26 Mei 2024

Parfait mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Sowedi alikuja mara mbili nikawa sijaandika. Mbuzi sina, kwa hiyo sitakupa habari zake. Gisèle amefaulu hesabu. Hongera kwa meza, nimefurahi mpaka nikawapikia watu sombe.

Umeuliza kuhusu lastiki. Lastiki ni kitu cha kawaida, fundi hawezi kukosa lastiki. Cherehani nimelifunika kitenge kwa sasa, kwa sababu ya vumbi. Swaleha amenikasirikia kidogo, anasema kisigino kimeanza kukaza, lakini unajua vijana wanavyosema kwa ukali.

Wewe shika meza yako. Usinifikirie.

Shangazi


Nyamitanga
2 Juni 2024

Shangazi yangu,

Vumbi gani mwezi wa tano? Mvua imenyesha mpaka Rwizi imepanda kingo, na wewe unafunika cherehani kwa sababu ya vumbi!

Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi, maana Sowedi aliniletea barua yako akicheka. "Parfait, ile bresi yako iko natembea kabisa! Nimeona kwa macho." Nikamwuliza, "Shangazi anatembea vizuri?" Akashangaa. "Shangazi? Hapana, mama iko nakaa tu kwa nyumba. Bresi iko kwa mguu ya Mzee Gakwaya. Banange, mzee iko nakimbia nyuma ya ng'ombe!" Nikamwuliza ni mguu upi. Akajipiga paja la kulia. Nikamwuliza na wako, uliovunjika. Akajipiga la kushoto.

Nilikaa juu ya mfuko wa plasta na simu yetu ikanirudia yote kichwani. Shangazi, wewe husemi "kulia". Hujawahi kusema. Nyumbani kwetu mguu ni wa kuume na wa kushoto, na kulia ni kazi ya macho. Mimi ndiye niliyezoea "kulia" ya hapa Mbarara, nikakuuliza kwa maneno ya watu wengine. Wewe ukasikia mtoto wako anauliza kama ule mguu ni wa kutoa machozi, ukamjibu ukweli. Na mimi nikadhani ni utani!

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Akram nikamweleza kila kitu, nikiwa nimeshaliona fagio liliposimama. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mguu ya kulia! Iko nalia!" Wateja walikuja kuchungulia. Kisha akafuta macho. "Bresi iko safi, imekosea nyumba tu. Hiyo si makosa kubwa. Makosa ni mama iko nakaa, na mguu iko nakaza. Mama akuje hapa yeye mwenyewe. Tupime mguu, si karatasi." Meza hajaninyang'anya. Fagio amenirudishia pia, ili nisisahau. Natumia vyote viwili.

Sasa nikuambie wazi, shangazi: nimekasirika. Ulificha mguu wako usipone ili mimi nisifukuzwe kwenye kazi ya kuponya miguu. Nilijifunza kazi hii kwa sababu ya mikono yako. Nilitaka kuwa na mikono kama hiyo. Kama wewe umefunika cherehani, hiyo meza nitaitazama kwa furaha gani? Njoo. Usiponiandikia tarehe nitakuja kukubeba mgongoni mbele ya Jocelyne na wote uliowatangazia.

Parfait


Nakivale
9 Juni 2024

Parfait baba,

Nimekubali. Nakuja Alhamisi na gari la Sowedi, nitakaa mbele, ameniahidi kukwepa mashimo yote anayoyafahamu. Usije kunibeba, una alama za meno.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa sasa huna la kupoteza. Kifurushi kilipofika nilikaa kitandani nikaingiza mguu. Kidole gumba kikatafuta mahali pake kikakuta ukuta, na kile kidogo kikabaki na uwanja mzima peke yake. Nilijaribu tena, nikidhani mguu ndio umekosea. Kisha nikakumbuka simu, nikaelewa. Nilicheka, mwanangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliona fagio lako. Nikasema, kijana huyu hakuwa na baba wa kumpeleka shule, amejipeleka mwenyewe mpaka ukingoni mwa meza, na sasa atarudishwa kwa sababu ya sikio la shangazi yake.

Siku hiyo hiyo Gakwaya alileta suruali nimtie kiraka. Akakiona kifaa, akakizungusha. "Mama Perpétue, hii ni ya kuume," akasema. "Mimi wangu ni wa kuume." Kilimwingia kama soksi. Swaleha alikuja, akakikagua, akaongeza sponji nyuma ya kisigino, akasema kinamfaa. Gakwaya alitembea mpaka kwenye mti wa parachichi na kurudi bila kuburuta, na yule mzee mgumu akakaa chini akaziba uso kwa kofia. Ningemvua vipi? Swaleha alitaka kukuandikia wewe siku ile ile. Nilimwapisha anyamaze.

Sikukudanganya hata neno moja, soma tena barua zangu. Hata hivyo niliungama. Padri, yule yule wa sandali, alisema ukweli wangu una mikunjo mingi mno na nikaupige pasi.

Basi naupiga pasi. Ninaogopa, Parfait. Kila asubuhi navuta kile kitenge na kila asubuhi kisigino kinakataa kidogo zaidi. Nililifunika cherehani kwa sababu lilikuwa linanitazama.

Gisèle ameiona kalamu. Ameniandika juu ya goti la kushoto, kwa herufi kubwa: NI HUU HAPA. Amesema nisioge mpaka Alhamisi. Nitaoga.

Shangazi yako wa kushoto,
Perpétue


Nyamitanga
7 Julai 2024

Shangazi,

Tangu uondoke karakana imepooza. Mzee Akram bado anaeleza kila mteja jinsi alivyokunja suruali yako mpaka gotini akakuta maandishi ya Gisèle. Anasema katika miaka yake yote hakuwahi kuletewa mguu uliojitambulisha. Na nimeona ulivyolitazama koti langu la kazi, lile lililochanika mfukoni.

Bresi ndiyo hii. Safari hii plasta ilizungushwa juu ya mguu wenyewe, na wewe ukiwa hapo unanifundisha namna ya kukata bandeji. Vaa soksi kwanza, kisha bresi, kisha kiatu. Ukiivua, tazama ngozi. Pakiwa na wekundu usioondoka, mwambie Swaleha, usimwambie Gakwaya. Kisigino kitauma mwanzoni kwa sababu kimeshazoea vibaya. Swaleha ataendelea kukivuta, na Mzee Akram anasema avute bila huruma.

Swaleha amenipigia simu na ana wazo ambalo nimelipenda. Anataka ulifunue cherehani, utoe uzi na sindano, uvue bresi na kuweka miguu yote miwili juu ya kanyagio. Mguu wa kuume usukume, wa kushoto upandishwe na kushushwa tu, ujifunze upya kwa kubebwa. Usishone, shangazi. Nakujua. Nimesema uzi utoke.

Ndani ya bresi, mahali pasipoonekana na mtu, nimechora neno moja kwa ncha ya msumari wa moto. Wewe huandiki juu ya karatasi kwa sababu unajiamini. Mimi bado.

Mzee Akram amesema ya Gakwaya ibaki kwa Gakwaya. Bresi ikishapata mguu wake hainyang'anywi.

Mwanao wa mezani na wa fagio,
Parfait


Nakivale
22 Septemba 2024

Parfait mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo namsifu kwa sauti. Gisèle anakusalimu, amepoteza kalamu nyingine. Gakwaya ametuletea maziwa, na siku hizi anabaki kuyanywa nasi. Jocelyne ameacha kuuliza kama umeoa, sasa ananiuliza kama mimi nitaolewa. Usiulize zaidi, barua hii si ya mambo hayo.

Neno lako la msumari nimeliona. KUSHOTO. Nalivaa kila siku chini ya kisigino changu na sijawahi kuvaa kitu kizuri kama hicho.

Nilifanya mlivyosema. Nilifunua cherehani, nikatoa uzi, nikakaa kama mwanafunzi. Mguu wa kuume ukasukuma, wa kushoto ukapanda na kushuka ukibebwa kama mtoto mgongoni. Wiki zikapita. Watu walipita mlangoni wakisikia cherehani linalia bila nguo yoyote, wakadhani nimechanganyikiwa. Kisigino kilianza kulegea, Swaleha akaacha kufoka, akaanza kuimba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha mwezi wa nane, asubuhi, nikiwa navuta kitenge, kidole gumba kilitikisika. Nikadhani ni inzi. Nikakiambia, "Tikisika tena." Kikatikisika. Nilimwita Gisèle kwa kelele mpaka akaja na mwiko, akidhani ni nyoka. Tukakitazama wote wawili kile kidole, kikainuka, kikachoka, kikalala. Tangu hapo kinainuka kila siku, na wenzake wamekifuata, kasoro kile kidogo ambacho ni mvivu tangu nizaliwe. Bresi bado navaa nikitembea, Swaleha hataki kusikia lingine. Lakini nikikaa kwenye cherehani naivua, na miguu yangu inasikilizana.

Fungua kifurushi sasa. Hilo ni koti lako la kazi. Nililipima kwa macho siku ile karakanani, wakati ukidhani nasikitikia mfuko. Limeshonwa lote kwa miguu miwili, gurudumu halikurudi nyuma hata mara moja. Tazama ndani ya mikono yake, kwenye pindo, mahali ambapo mtu haoni. Ule wa kuume nimetarizi KUUME. Ule wa kushoto, KUSHOTO. Mimi pia nimeanza kuandika, sasa tuko wawili tusiojiamini.

Mwambie Mzee Akram akufundishe yote anayoyajua. Na siku mgonjwa wa kwetu akifika hapo, mwulize kwa maneno ya kwetu.

Nilipomaliza kifungo cha mwisho niliegemea cherehani nikalia, mwanangu, machozi mpaka kwenye kola, ikabidi nilipige koti pasi upya. Gisèle aliogopa akaniuliza kama mguu umeanza kuuma tena. Basi nawe ukiulizwa, ujibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi: mguu ni wa kushoto. Wa kulia ni shangazi.

Perpétue